Shimo la Mkwajuni Halihamii Pwani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoambiwa nimzamishe baharini mtu aliyefukiwa na udongo.

Nilikuwa msichana bado, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko nguo. Nilikaa kwenye kiti cha mbao katika ofisi ya wachapaji wa vitabu huko Dar es Salaam, miguu imevimba kwa safari ya treni kutoka kwetu Mlowo. Mbele yangu alikaa bwana mmoja mpole, wa sauti ya chini, aliyekuwa ameusoma mswada wangu wote. Hakunidharau. Nataka ulijue hilo kwanza, maana wanaotuharibia kazi si lazima wawe watu wabaya. Aliniagizia chai. Aliponiona nimekunywa nikatulia, akasema:

"Binti, kuandika unajua. Lakini huko Mkwajuni, huko Galula, nani anapajua? Msomaji anapenda bahari. Mhamishe huyu kijana wako pwani. Mfanye mvuvi, afe maji. Ukifanya hivyo, kitabu nakichapa."

"Mzee," nikamwambia, "huyu hakufa maji."

Akatabasamu. "Hii ni hadithi. Katika hadithi mtu hufa unavyotaka wewe."

Kabla sijakwambia nilichomjibu, ngoja nikueleze aliyekufa ni nani, usije ukaniona nilikuwa mkaidi wa bure.

Jina lake lilikuwa Lwitiko. Mama yake alikuwa Mndali, mjane aliyeshuka kutoka milima ya Ileje na kujenga jirani na sisi pale Mlowo, nyuma ya maghala ya mazao. Lwitiko, mimi, na Zubeda, binti wa msafirishaji mmoja kutoka Kigoma, tulikua pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Mwislamu, Mmoraviani, na mimi ambaye siku hizo sikujua nasali wapi. Hakuna aliyetuuliza.

Lwitiko ndiye mtu wa kwanza kusikiliza hadithi zangu. Na alikuwa msikilizaji mgumu! Nikianza tu, "Hapo kale alikuwepo mtu," ananikatiza: "Huyo mtu asubuhi amekula nini?" Nikimwambia sijui, anasema basi hata yeye hamjui, niende nikamtafute vizuri. Alipenda ndege. Tulipopita kwenye mikahawa mvua za kwanza zikishanyesha, maua meupe yamefunguka na shamba zima linanukia, alikuwa anasimama, ananyanyua kidole, na sote tunanyamaza mpaka chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, anywe ua lake aondoke. Hadi leo sijui kuandika mahali bila kwanza kusimama hapo na kunyamaza. Sikufundishwa na chuo. Nilifundishwa na kidole cha Lwitiko.

Akaenda Mkwajuni kuchimba dhahabu. Alitaka kumwezekea mama yake nyumba ya bati. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilikuwa la tajiri mmoja wa pale pale Mlowo. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wajukuu zake ni watu wema na hawana kosa. Shimo la namna hiyo huzuiwa na matimba, miti inayosimamishwa ndani ili kuta zisije zikaanguka. Matimba ya duara lile yalikuwa yameoza. Wenzake Lwitiko walimwambia mwenye duara. Akasema mvua ikikatika atabadilisha. Mvua haikukatika.

Walimleta kwa lori, katika mvua hiyo hiyo. Nakumbuka mama yake hakupiga kelele. Alisimama kaburini na mwavuli wake, mwavuli mweusi uliovunjika ubavu, akaushika juu ya jeneza. Hakuushika juu ya kichwa chake, mwanangu. Aliushika juu ya jeneza, mpaka lilipoteremshwa.

Mimi niliporudi nyumbani nikaanza kuandika.

Sikuandika habari ya Lwitiko kama askari anavyoandika maelezo. Niliandika hadithi. Jina nilibadilisha. Nilimpa kijana wangu mguu unaochechemea, nikampa filimbi, nikampa na mke, maana Lwitiko alikufa hajaoa na mimi nilimwonea huruma. Hiyo ndiyo raha ya kazi yetu, kwamba unaweza kumpa mtu kile dunia ilichomnyima. Lakini shimo nililiacha palepale. Udongo wake mwekundu, joto la bonde lile linalokufanya uone mbali kunatetemeka, miti iliyooza, mvua.

Sasa turudi ofisini. Bwana yule alikuwa ananisubiri, kalamu mkononi, ananitazama kwa wema. Nikamjibu hivi:

"Mzee wangu, bahari haina mwenyewe. Shimo lina mwenyewe. Nikimzamisha huyu kijana, hakuna wa kuulizwa, na nitakuwa nimemsamehe mtu ambaye hata msamaha hajaomba."

Nikachukua mswada wangu mezani. Nikamshukuru kwa chai, kwa dhati kabisa. Nikatoka.

Hapo wewe unadhani hadithi imekwisha na mimi nimeshinda. Subiri. Nilipofika Mlowo, nilimkuta kila mtu ana methali yake mkononi. "Mkataa pema, pabaya panamwita," mjomba alinipokea nayo kabla hata sijatua mzigo. Zubeda wakati huo alikuwa ameshafungua duka la vitenge Tunduma, karibu na mpaka, anauza kwa Wabongo na Wazambia. Nilipanda gari nikamfuata nikijua yeye atanielewa. Alinisikiliza huku anakunja kitenge, akasema:

"Sekela, bidhaa huuzwa pale mteja anapoitaka. Ungewapa bahari yao. Cha pili ungewapa Mkwajuni."

"Wewe Zubeda ndiye unasema hivyo? Lwitiko huyu huyu?"

"Lwitiko amekufa. Wewe uko hai na unashona suruali za watu kwenye fremu ya duka ya kupanga."

Nikaondoka bila kumuaga. Tulikaa miezi hatusemeshani. Uchungu wa rafiki anayekupinga ni mkali kuliko wa adui, kwa sababu adui hajui mahali pa kugusa.

Basi nikawa shujaa wa maneno. Popote nilipokaa, kisimani, stendi, kanisani baada ya ibada, nilikuwa nasimulia jinsi nilivyomkatalia yule bwana wa Dar es Salaam. Kila nilipoisimulia, sauti yangu ilizidi kuwa kubwa na bwana yule alizidi kuwa mkorofi. Mswada wenyewe ulikuwa ndani ya sanduku, chini ya nguo. Kalamu sikuigusa.

Siku moja mama yake Lwitiko akaniita. Alikuwa shambani kwake anang'oa maharage, kainama, wala hakuinuka kunisalimu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikashika safu ya pembeni tukang'oa pamoja. Baada ya muda akasema, bado ameinama:

"Mwanangu, nimesikia ulivyokataa. Nimesikia kwa watu, nimesikia na kwako mwenyewe. Kukataa umekataa vizuri. Haya, hicho ulichokikatalia kiko wapi?"

"Kiko ndani ya sanduku, mama."

Hapo ndipo akasimama. Akapangusa mikono kwenye kanga yake, akanitazama.

"Basi umemzika mara ya pili. Na safari hii hata mwavuli hukumshikia."

Mtu akikupiga kofi unaweza kulia au kurudisha, lakini neno kama lile unabaki nalo limekukaa mwilini. Akaniacha nilibebe kidogo, halafu akalainisha sauti.

"Jumamosi napukuchua mahindi. Majirani watakuja kunisaidia. Na wewe njoo. Mikono yetu itakuwa na kazi, masikio hayatakuwa na kazi. Utatusomea."

Nikaenda. Ilikuwa mchana mweupe wa kiangazi, upepo wa kwetu ule unaokausha midomo. Watu walijaa uani, wamekaa kwenye mikeka na magunia, mahindi yamelundikwa katikati. Walikuwepo akina mama, wazee, na vijana kadhaa waliokuwa wamerudi kutoka machimboni kwa ajili ya mavuno. Zubeda naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kumsaidia mama, si kunisikiliza mimi. Alinipa mgongo kabisa. Na kando ya mlango, juu ya kiti pekee kilichokuwepo, alikaa yule tajiri mwenye duara, kwa kuwa ndiye pia aliyekuwa mnunuzi wa mahindi wa mtaa ule na alikuja kuangalia mzigo.

Nilipomwona, nikazirudisha karatasi kwapani. Mama Lwitiko akaninong'oneza, "Hukuandika kwa ajili ya watu walio mbali tu." Nikafungua karatasi zangu.

Mwanzo walikuwa wanacheka. Walicheka mguu wa kijana wangu, wakacheka filimbi yake. Nilipofika kwenye harusi, mama Lwitiko akaacha kupukuchua.

"Hebu ngoja. Huyu mkwe wangu umemtoa wapi?"

"Nimempa tu, mama. Nilimwonea huruma kuwa peke yake."

"Anajua kupika?"

"Anaunguza."

"Basi huyo ni mkwe wa kweli," akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka akiyafuta kwa mgongo wa mkono. Nilijua wakati ule kwa nini Mungu aliruhusu watu watunge mambo ambayo hayakutokea.

Kisha nikaingia shimoni. Nikasoma joto, nikasoma mbao zilizolainika zikawa kama ugali wa jana, nikasoma wachimbaji wanavyokwenda kumwambia mwenye duara na jinsi anavyowajibu. Punje zikaacha kulia kwenye sinia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Tajiri akasimama.

"Acha hapo," akasema. "Binti, umeniandika mimi."

"Hapana, mzee. Mimi nimeandika shimo. Wewe ndiye uliyelitambua."

Watu waliguna. Mzee mmoja akaniashiria kwa jicho ninyamaze. Tajiri akanisogelea, akanisimamia hadi kivuli chake kikafunika karatasi zangu.

"Fremu unayoshonea pale barabarani unajua ni ya nani?"

"Ni yako, mzee," nikasema. "Cherehani ni yangu."

Sauti ilinitoka ikitetemeka, sikufichi. Ujasiri si kutotetemeka. Sauti ikitetemeka bado ni sauti, alimradi maneno yametoka mazima. Nikatazama karatasi, na kwa dakika ile herufi zote zilikuwa zinaogelea, sijui nimeishia wapi. Ndipo nikasikia mtu anasema kutoka upande wa pili wa rundo la mahindi, bila hata kugeuza shingo:

"Soma, Sekela. Umefika kwenye mvua."

Alikuwa Zubeda. Kumbe muda wote alinipa mgongo lakini hakukosa hata mstari mmoja.

Nikasoma. Tajiri akaondoka nikiwa nusu ya ile sehemu ya mvua, lango akalibamiza. Nikaendelea mpaka mwisho, na nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu walirudia mahindi yao polepole. Kijana mmoja wa machimboni, mrefu, sijui hata kama alikuwa na ndevu sawasawa, alisema kama anayejisemea, "Matimba yale bado ni yale yale." Mwenzake akajibu, "Mimi sishuki tena." Na kweli hawakushuka. Wakawaambia wengine. Duara likasimama, na lilipofunguliwa tena lilikuwa na miti mipya. Sisemi hadithi yangu iliibadili dunia, mwanangu. Mashimo mengine mabovu yalikuwepo na mengine yako hadi leo. Nasema tu kwamba lile moja lilibadilishiwa miti, na vijana wale wawili ni wazee sasa, mmoja wao ana shamba la kahawa zuri kuliko langu.

Gharama nilizilipa. Jumatatu nilikuta cherehani yangu na vitambaa vya wateja vimetolewa nje, vimejaa vumbi la malori. Tajiri hakunisalimia tena mpaka anakufa. Wapo jamaa waliosema nimeharibu ujirani, wakaacha kuja kushonesha kwangu. Aliyekuja ni Zubeda, na gari la kukodi. Akapakia cherehani bila kuniuliza.

"Nilikwambia bidhaa huuzwa pale mteja anapoitaka," akasema njiani. "Sasa twende kwa wateja."

Akaniweka kwenye baraza la duka lake Tunduma, uso kwa uso na foleni ya malori. Unaijua foleni ile, imezoeleka kama milima. Madereva walikuwa wanasubiri kuvuka mpaka mchana kutwa, kesho tena, keshokutwa tena, hawana la kufanya ila kulala chini ya matela na kucheza drafti. Tukampata karani mmoja mwenye taipu, tukarudufu kurasa, tukazibana kwa uzi wa cherehani. Madereva wakaanza kusoma. Wakaondoka nazo, Kitwe, Lubumbashi, na wengine wakazirudisha Dar es Salaam kule kule zilikokataliwa.

Kuna dereva mmoja Mzambia alirudi amekasirika, anapunga karatasi juu. "Mayo!" ananiita, kama Wabemba wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "Mayo, ukurasa wa mwisho hauko! Nimekwenda mpaka Kapiri sijui kilichompata mke wake!" Kumbe tulisahau kuubana. Yeye na utingo wake walikuwa wamebishana njia nzima, kila mmoja ametunga mwisho wake. Nikawaomba wanisimulie. Mwisho wa utingo ulikuwa mzuri kuliko wangu, nami sikuona haya, nikauiba nusu yake kwa idhini. Ndipo nilipojua msomaji wangu yupo na anaijua Mkwajuni kama anavyoijua Kapiri, kwa sababu mtu anayengojewa na wenzake mlangoni mwa shimo anafahamika popote.

Baadaye, miaka mingi baadaye, kikaja kitabu chenyewe, chenye jalada, kutoka kwa wachapaji wadogo tu. Kijiji kwa kijiji, shimo kwa shimo, hakuna kilichohamishwa.

Leo mimi ni mtu mzima sana. Naandika asubuhi dirishani, kabla jua halijawa kali, chai ikiwa karibu. Siku nyingine hakuna kinachokuja, basi natoka nikapunguze machipukizi ya mikahawa, na mara nyingi sentensi iliyonikimbia mezani naikuta huko kati ya matawi. Zubeda huja Ijumaa akitoka msikitini. Bado ananipinga. Juzi ameniambia mhusika wangu mpya anaongea kama diwani, na amesema kweli, nimemfuta.

Na watu bado wananijia na ushauri. Andika mafupi, bibi, watu wanasoma kwenye simu. Weka mjini, bibi. Mambo ya mashimo yanachosha, bibi. Nawakaribisha chai. Halafu naandika ninavyoandika. Nimezeeka, sijalainika.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza. Katika kutunga una uhuru mkubwa: badilisha jina, umbo, mpe mtu mke, mpe mabawa ukipenda. Lakini kila utakapotaka kubadili kitu, jiulize ni nani atakayepumua vizuri ukikibadili. Ikiwa atakayepumua ni aliyeonewa, badilisha. Ikiwa ni aliyeonea, kalamu yako na ikatae, hata kama anayekuomba ni mpole na amekupa chai. Ukishakataa, usikae kwenye kukataa kwako kama kuku kwenye yai viza. Maneno matupu hayavunji mfupa. Itoe kazi, isomwe, hata kama ni uani, hata kama wasikilizaji wana mahindi mapajani na mmoja wao anakuchukia. Mtafute rafiki atakayekwambia usichopenda kusikia, na akikukera usimtupe, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mwandishi ni kusifiwa na wasiomsoma. Hofu utakuwa nayo. Nenda nayo hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akujalie macho yasiyopepesa na mkono usiouzwa. Akuzungushie watu wa kweli, wachache wanatosha. Ardhi iliyokuzaa ikutambue kila utakapoitaja, nawe usiitaje kwa aibu kamwe. Na wakikuambia uisogeze kidogo, mwanangu, upate kinywa cha kusema hapana, na maisha marefu ya kuifanyia kazi hiyo hapana yako. Amina.